Mwanangu, kuhusu swali lako la gauni

Marahaba, mwanangu.

Uliniuliza kama mwanaume anayevaa nguo za kike, na mtu aliyeitwa mvulana tangu kuzaliwa ilhali mwenyewe anajijua ni mwanamke, ni kitu kimoja. Kwenye simu sikukujibu, wateja walikuwa wamejaa.

Si kitu kimoja. Miaka yote niliyokaa na cherehani hapa sokoni Makoroboi, Mwanza, wote wawili nimewapima. Wa kwanza ni dereva, ana mke na watoto. Aliniambia wazi, "Mama, mimi ni mwanaume, ila nikivaa gauni usiku ndani kwangu, roho inatulia." Nikamshonea. Asubuhi anavaa suruali anaingia barabarani, wala hapungukiwi kitu.

Wa pili alileta kitambaa cha suruali. Kila nikimwita kaka, anainamisha uso kama aliyepigwa kofi. Kiswahili kina "yeye" moja kwa wote, hakikunilazimisha kuchagua. Hilo "kaka" nililileta mimi, na nilipoona hataki nikalirudia kwa sauti hadi watu wakacheka. Suruali hakuja kuichukua. Inaniuma mpaka leo.

Makala ulizonitumia nimezisoma. Mwaka 1910 daktari Magnus Hirschfeld wa Berlin aliwatetea watu hawa, lakini akawapa wote jina moja lililotokana na mavazi. Naona jina lile lilimbana yule wa pili. Mwanafalsafa wa Marekani, Judith Butler, nilimsoma polepole sana: anasema jinsia hujengwa na matendo tunayoyarudia kila siku, ila anakana kwamba mtu huamka akaichagua kama nguo kabatini. Hapo nilimwelewa. Na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliitoa hali ya huyu wa pili kwenye orodha ya maradhi ya akili.

Wanaosema mambo haya yametoka Ulaya, waulize Wakurya wa Mara kuhusu nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume hulipa mahari, akaoa mwanamke, na watoto wakahesabiwa wa nyumba yake. Ameshika nafasi ya mume, na bado ni mama yuleyule. Nafasi ya mtu, nguo yake na anavyojijua havifuatani kama nilivyodhani.

Rafiki yako uliyemtaja, mje naye likizo. Nitapika sato. Jinsi ya kumwita ataniambia mwenyewe, kabla sijafungua mdomo.

Mama yako