Jibu: Kwa nini sodiamu ni Na na potasiamu ni K?

Umeuliza herufi hizo, yaani alama za kikemia za metali hizi mbili, zimetoka wapi, maana hazimo kwenye majina yenyewe. Zimetoka kwenye majina ya Kilatini: natrium na kalium. Mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alizipata metali zote mbili mwaka 1807 kwa kupitisha umeme kwenye kampaundi zake zilizoyeyushwa. Chuma ni Fe (ferrum), risasi Pb (plumbum), dhahabu Au (aurum), fedha Ag (argentum), bati Sn (stannum). Inayonivutia zaidi ni zebaki, Hg: hydrargyrum, yaani "maji ya fedha". Jina limeielezea barabara, kwani ni metali ya majimaji hadi ipoe kufikia takriban nyuzi -39 za Selsiasi.

Usidhani P ingefaa kwa potasiamu. Hiyo ni fosforasi.

Wengi hupoteza alama za mtihani kwenye ukubwa wa herufi. Ya kwanza huwa kubwa, ya pili ndogo, daima. Co ni kobalti, elementi moja. CO ni kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, molekuli ya atomi moja ya kaboni na moja ya oksijeni. Ukiandika NA badala ya Na, msahihishaji ataikata, na ana haki.