Majaketi 60 ya flisi: mkuu, simamisha hiyo kazi

Mkuu, simamisha kwanza. Unasema una majaketi 60 ya flisi ya maruni kwa ajili ya waongozaji na wapagazi wa Kilimanjaro, na fundi amekuhakikishia atabandika nembo nyeupe ya DTF, ile inayochapwa kwenye filamu, kwa hitipresi, yaani mashine ya kukandamiza kwa moto, siku moja kazi imeisha. Hayo hayo niliambiwa mimi hapa Moshi.

Yangu yalikuwa 45, maruni vilevile, nimenunua kila moja 25,000. Nilimuuliza fundi: hii nguo ina manyoya, haitaharibika? Akacheka. "Bosi, poliesta ni poliesta, mbona jezi tunapiga kila siku?" Nikamwamini, nikaenda zangu.

Jioni narudi, yote 45 yameshapigwa, yamepangwa mezani. Nembo imekaa safi. Nikachukua moja nikaligeuza kwenye mwanga wa mlangoni, moyo ukanilipuka. Mraba mzima wa bamba la mashine umejichora kifuani, unang'aa kama suruali iliyopigwa pasi ya moto bila kuwekewa kitambaa juu. Ukipitisha kidole, huku laini, pale pagumu. Fundi anasema, "Ukifua, manyoya yatainuka." Tukafua. Tukajaribu mvuke na brashi. Pembeni yaliinuka kidogo, katikati hata unywele mmoja haukusimama.

Hayawezi kusimama! Poliesta ikibanwa ndani ya moto inashika umbo ililobanwa nalo. Ndivyo sketi zinavyotiwa marinda ya kudumu. Fundi alikuwa ameweka joto la nyuzi 160 za Selsiasi. Na manyoya ndiyo yanayoshika hewa ya joto, ndiyo mtu anayoyalipia akienda kulala kwenye baridi kule juu. Jezi haina manyoya ya kulaza, kwa hiyo mfano wake haukuwa na maana yoyote, na mtu wa kazi ile alipaswa kulijua hilo kabla sijalijua mimi.

Bado. Siku chache baadaye nembo nyeupe zikaanza kuwa za pinki. Rangi inayotiwa kwenye poliesta ikipata joto kali hugeuka mvuke na kupanda kwenye chochote kilicho juu yake. Maruni, nyekundu na nyeusi ndizo zinazotesa zaidi. Mteja wangu aliyakataa yote, na haki yake. Wapagazi walionunua kwa bei ya kutupa wakayaita "dirisha", kwa ule mraba. Jina zuri, ila dirisha langu liligharimu zaidi ya milioni.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: moto usiguse flisi. Darizi. Hata usipunguziwe bei, darizi.

Na ukienda kwa mwenye mashine ya kudarizi, muulize kama ana ile plastiki nyembamba inayoyeyuka kwa maji. Inatandikwa juu ya manyoya kabla ya kushona, ili uzi usizame. Bila hiyo nembo inamezwa. Chini aweke kitambaa cha kushikilia kile cha kukatwa kwa mkasi, siyo cha kuchanika kama karatasi, maana flisi inavutika. Herufi zisiwe chini ya milimita 5, zitapotea. Asikaze sana fremu inayoshika nguo wakati wa kudarizi, nayo huacha alama. Kama hana plastiki hiyo, adarizi nembo pembeni kwenye kaki, kisha beji ishonwe kwa cherehani kuzunguka ukingo. Akisema ataibandika kwa pasi, chukua mzigo wako uondoke.

Halafu adarizi jaketi moja tu, mlifue, mlikaushe, mlitazame juani. Hayo 59 yabaki nyumbani kwako, siyo dukani kwake.

Umeandika anaanza kesho saa mbili asubuhi. Mpigie usiku huu.