Friza langu na baridi ya Monduli

Juzi kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia, mume wake ni mwanajeshi kama wangu na kahamishiwa Nachingwea kule Lindi, Dar wamekaa miaka sita, anauliza "dada kweli nitaweza?" Nikacheka halafu nikanyamaza, maana mimi nililia kabisa 2019 uhamisho wa baba watoto ulipotoka, kutoka kambi ya Lugalo hapo Dar kwenda Monduli, Arusha.

Nililia kwa sababu nilikuwa na biashara yangu jamani. Barafu za ubuyu na juisi pale Mwenge, friza moja kubwa, nasomesha. Tukahama mwezi wa sita, wanaoijua Monduli hapo wameshaanza kucheka. Mji uko mlimani, asubuhi ukungu, watu wamejifunika mashuka ya Kimasai, halafu mimi nashuka kwenye fuso na friza nimelikumbatia kuliko hata tv eti nikawauzie barafu. Wiki ya kwanza niliuza nne, mbili alinunua baba watoto kwa huruma.

Ila friza halikuwa kosa. Kosa langu sikufungua maboksi. Kota, yaani nyumba ya jeshi, ilikuwa haijapatikana, tukapanga uraiani vyumba viwili, nikajiambia hapa tunapita tu, jeshi halitabiriki, mwakani tutarudi Dar. Mapazia kwenye boksi, vyombo kwenye boksi, sahani tatu watu watano tunapokezana. Miezi nane! Nikiitwa kwenye kikoba nasema nitakuja, siendi. Siku moja bombani nikasikia mama mmoja anamwambia mwenzake "huyo wa Dar anajiona, na mume wake mwenyewe ana V mbili tu." Yaani cheo cha koplo. Iliniuma, na sidanganyi bado inaniuma, ingawa siku hizi huyo mama ni mteja wangu. Mke hana cheo jamani, tuheshimiane.

Na shule, hili lisikieni. Mimi nilibeba mtoto kwanza nikidhani makaratasi yatafuata. Shule ya mwanzo hawajamruhusu kwenye PReM, ule mfumo wa kompyuta wa taarifa za wanafunzi, ya huku hawawezi kumpokea, mtoto kakaa nyumbani wiki tatu anaangalia katuni. Mwalimu mkuu akuhakikishie kwamba ameshamtoa ndio upakie mzigo, na kama yuko darasa la nne au la saba fuatilia mapema zaidi maana kuna mtihani wa Taifa.

Baba watoto akaenda misheni Kongo, nikabaki mwenyewe na baridi na maboksi. Hapo ndio akili ilinijia, nadhani ni upweke tu. Usiku mmoja nikachana maboksi yote, nikatundika mapazia, na chini kabisa ya boksi la mwisho nikakuta kikaango cha vitumbua alichonipa mama. Kumbe huku mchele mzuri wa Mto wa Mbu uko wilaya hiihii! Nazi nikawa naagiza kwa basi kutoka Tanga. Asubuhi kwenye baridi ile, kitumbua cha moto na chai ya tangawizi, nani atakataa? Siku ya kamisheni, wanapotunukiwa vyeo maofisa wapya pale chuo cha jeshi, wazazi wao wanatoka mikoa yote, niliuza ndoo mbili kabla ya saa tatu. Na nikaingia kikoba, yule mama wa bombani ndiye mweka hazina, tukaangaliana tu.

Kwa hiyo mdogo wangu, fungua maboksi siku ya kwanza. Usisubiri kota, usisubiri kujua mtakaa muda gani kwa sababu hutaambiwa, hata mume wako hajui. Mnaosubiri kurudi Dar ndio muanze maisha mnapoteza miaka, nawaambia kwa uchungu maana mimi nimepoteza miezi nane. Tundika pazia! Nenda kikoba hata kama hujapenda sura zao. Na picha za kambini usiposti, usije ukamtafutia mwenzio matatizo kazini.

Nachingwea wala usiogope, ule mji umezoea watu wa jeshi tangu enzi FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, wanafanya mazoezi pale, mgeni kama wewe si kioja. Korosho zipo. Na joto lipo la kutosha, kwa hiyo kwenye biashara wewe usinifuate mimi, barafu huko zitatoka. Friza langu bado zima, liko chumbani nimelifanya kabati la nguo. Ukilitaka nitafute tuelewane bei, ila nauli ya fuso juu yako.