Udaktari wa meno Bongo unalipa?

Mdogo wangu, umeuliza kama ukisoma meno utapata ajira na kama hela ipo. Hela ipo, ila sio ya haraka. Pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, digrii ni miaka 5 halafu intanshipu mwaka 1, ndo usajiliwe na Baraza la Madaktari uanze kutibu mwenyewe. Serikalini unaanzia TGHS E, ngazi ya mshahara ileile ya daktari wa kawaida, so usidhani meno yana mshahara wa peke yake, na hizo nafasi zenyewe zikitangazwa ni chache, watu wanazisubiri sana tu.

Wengi wanaishia kliniki binafsi, na hapo uliza vizuri kabla hujasaini maana kuna wanaolipa mshahara na kuna wanaokupa asilimia ya kazi uliyofanya, sasa kama wateja wanakuja kung'oa tu utaumia, hela iko kwenye kutibu mzizi, meno bandia, waya za kunyoosha, hizo ndo ujifunze mpaka mkono ukae. Kufungua yako pia sio mchezo, kiti, kompresa, eksirei, mashine ya kuchemshia vifaa, vyote mtaji huo.

Mi ningekushauri usiogope mkoani. Dar kila mtaa una kliniki ya meno, wakati wilayani unakuta watu wanang'oa jino ambalo lingezibika kabisa, kisa hakuna wa kuliziba. Ukipenda kubobea zaidi kuna MDent, yaani digrii ya uzamili ya meno, hapohapo MUHAS.