Maji kupita nyuma ya gata: silikoni haitibu, weka flashingi

Mkuu, umesema gata ni jipya lakini maji yanapita nyuma yake, fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa unaoshikilia gata) inavimba, ukuta una michirizi, na fundi anataka kuziba uwazi kwa silikoni. Usikubali; dawa yake mara nyingi ni flashingi, kipande cha bati kinachoongoza maji yaingie ndani ya gata. Mimi ni fundi wa kupaua na kufunga magata, Dar na Tanga, na kila masika yakianza hili ndilo ninaloitiwa zaidi.

Kabla hujanunua chochote, angalia maji yanapita nyuma kwenye mvua ya aina gani. Kama ni mvua kubwa tu, gata linajaa na kumwagikia nyuma: mdomo wa bomba la kushushia umezibwa na majani, au mteremko hautoshi, au ukingo wa mbele umekaa juu kuliko wa nyuma. Mimi hushusha sentimita 1 kwa kila mita 3 hadi 5 kuelekea kwenye bomba. Hapo flashingi haina kazi, rekebisha gata.

Ila kama fisha bodi inalowa hata kwa manyunyu, ugonjwa uko kwenye ncha ya bati. Maji machache hayana kasi ya kuruka. Yanashika ncha, yanageuka chini ya bati na kurudi nyuma mpaka kwenye papi (mbao zinazobeba bati) na fisha bodi, kama chai inayotambaa ubavuni mwa birika ukiimimina polepole. Paa la mteremko mdogo linazidisha hali hiyo, na bati lililokatwa fupi ndiyo kabisa. Bati linatakiwa liingie juu ya gata kama inchi 2.

Silikoni inashindwa kwa sababu bati hutanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku, basi inabanduka. Mbaya zaidi, maji yaliyokwisha kuingia yanakosa pa kutokea na ubao haukauki tena.

Flashingi yenyewe ni kipande cha bati bapa kilichokunjwa. Upande mmoja, kama inchi 4, unalala juu ya papi ya mwisho CHINI ya bati la paa. Upande wa pili unashuka mbele ya fisha bodi na kuishia NDANI ya gata, ukivuka ukingo wake wa nyuma. Nimekuta nyumba nyingi flashingi imepigwa vizuri kabisa, ila imeishia nyuma ya gata. Hiyo inayapeleka maji kulekule unakoyakimbiza. Mwambie anayekunja aipinde ncha ya chini kidogo kwenda mbele, ili tone lidondoke na lisirudi.

Paa likiwa limeshaezekwa huhitaji kulifumua. Legeza safu ya mwisho ya skrubu, inua bati kidogo, sukuma flashingi ndani, kisha funga upya. Kama ilikuwa misumari, tundu litakuwa limepanuka, kwa hiyo weka skrubu nene zaidi zenye washa za mpira. Vipande vipandane angalau inchi 4, na kipande kilicho mbali zaidi na bomba la kushushia ndicho kilale juu ya mwenzake. Tumia bati la aina ileile ya paa. Shaba usiiweke kabisa, maji yake yanakula bati la zinki na alumini.

Kwa wanaovuna maji hili lina hesabu yake pia. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 10 za mvua hupokea lita 1,000, na yanayopita nyuma hayafiki kwenye simtanki.

Fisha bodi iliyooza ing'oe kwanza, maana skrubu za gata hazitashika humo. Iliyolowa tu iache ikauke vizuri kabla ya rangi. Kisha mtu mmoja amimine maji taratibu juu ya bati, wewe ukiwa kwenye ngazi na tochi unatazama nyuma ya gata. Ubao ukibaki mkavu, mlipe fundi.