Mnauliza, Tunajibu: Safari ya Makumbusho

SWALI: Nafundisha Gredi ya 6 hapa Kondele, Kisumu. Wazazi wamekubali kuchangia safari ya watoto 40 kwenda Nairobi. Tunataka kuona Makumbusho ya Taifa yaliyo Museum Hill, ya reli na Nairobi Gallery kwa siku moja. Itawezekana?
*Mwalimu, Kondele*

JIBU: Hapana, Mwalimu. Ni kilomita kama 350. Hata mkitoka alfajiri mtafika mchana, watoto wamechoka na wana njaa. Tafuteni pa kulala, muwe langoni Museum Hill saa mbili unusu asubuhi, kabla basi za shule nyingine hazijajaa.

Wagawe makundi manne ya watoto kumi kumi, kila moja na mtu mzima, na kila kundi lianzie chumba tofauti. Arobaini wakisimama pamoja mbele ya kabati moja la kioo, wa nyuma huona visogo tu.

Msikimbilie kuona kila kitu. Wapeleke kwa yule kijana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale ambaye Kamoya Kimeu, mtafutaji wa visukuku, alianza kugundua mabaki yake Nariokotome, Turkana, mwaka 1984. Ni wa zamani sana, takriban miaka milioni 1.5, na alikufa akiwa bado mtoto. Waambie washike videvu vyao, kisha watazame taya lake: kidevu hana. Hapo mtoto ameanza kulinganisha mwenyewe. Baadaye kila mmoja achague kitu kimoja akichore kwa penseli dakika 20. Ukiwaambia "andikeni notisi", watanakili maelezo ya ukutani na kile kitu chenyewe wasikitazame.

Adhuhuri nendeni makumbusho ya reli, ambayo hulipiwa peke yake. Mtoto wa Kisumu ana haki ya kuyaona: reli ilifika huku mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence. Nairobi Gallery iacheni. Mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais, uliomo humo unataka utulivu, na kundi kubwa halitaupata.

Kuhusu malipo, Museum Hill hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma na malipo. Fungua akaunti na uijaribu ukiwa bado Kisumu; kungoja mtandao langoni na watoto 40 juani ni mateso. Beba barua ya shule yenye muhuri, na kila mtu mzima awe na kitambulisho, kwani Mkenya na mgeni hawalipi sawa.

Na kabla ya yote, wapeleke Makumbusho ya Kisumu wafanye mazoezi. Pale Ber-gi-dala, boma la Kijaluo, wasimame langoni na waulizwe kwa nini nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, inatazamana na lango, na simba, yaani kibanda cha kijana, iko karibu nalo. Nauli yake ni ndogo mno.

SWALI: Nilienda Hyrax Hill, eneo la mambo ya kale hapa Nakuru, kuona bao la kuchezea lililochongwa mwambani. Niliona jiwe tupu. Nilikosea wapi?
*Msomaji, Lanet, Nakuru*

JIBU: Bila shaka ulienda jua likiwa utosini. Vishimo vile hujulikana kwa kivuli chake, na saa sita kivuli hakuna. Nenda asubuhi mapema au baada ya saa kumi, uchuchumae ukilielekea jua, macho yawe karibu na usawa wa mwamba. Utaona safu zote. Usipake chaki ili picha itokee vizuri. Chaki huingia kwenye matundu ya jiwe, na kuisugua itoke hula kingo zilizochongwa.