Maswali ya Wasomaji: Tarehe inayorudi nyuma siku moja

SWALI: Natengeneza fomu ya kusajili wanafunzi kwa JavaScript. Mzazi akichagua 5 Machi 2016 kama tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, kwenye kanzidata inaingia 4 Machi. Nimeongeza siku moja kabla ya kuhifadhi na sasa inakubali. Niiache hivyo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usiiache, tafadhali. Kalenda ya fomu yako inaunda saa sita kamili usiku kwa saa za Tanzania, kisha yaelekea unaita `toISOString()`, ambayo hugeuza kila kitu kuwa UTC, yaani saa ya rejea ya dunia nzima. Sisi tumeitangulia UTC kwa saa tatu, hivyo huko bado ni saa tatu usiku ya tarehe 4. Ukichukua herufi kumi za mwanzo tu unapata 2016-03-04. Mzazi aliye New York yuko nyuma ya UTC, kwa hiyo kwake tarehe ingetoka sawa, na siku yako ya nyongeza itamwandikia mtoto 6 Machi.

Tarehe ya kuzaliwa haina saa. Ipitishe kama maandishi, `2016-03-05`, kutoka kwenye fomu hadi safu ya kanzidata ya aina ya `DATE`. Kama kalenda inakupa `Date` ya JavaScript tu, yaani tarehe pamoja na saa, soma `getFullYear()`, `getMonth() + 1` na `getDate()`, ujaze sifuri kwa `padStart(2, "0")`. Ile +1 ni ya lazima: miezi huhesabiwa kuanzia 0, Machi ni 2. Wengi pia huchanganya `getDate()` na `getDay()`, ambayo hutoa siku ya wiki.

Rekodi ulizohifadhi kabla ya kuongeza ile siku bado zina kosa. Zirekebishe hizo peke yake.

SWALI: Mkopo umetolewa 31 Januari 2024. Nikiongeza mwezi kwa `setMonth()` napata 2 Machi. Februari imekwenda wapi?

JIBU: Umeomba 31 Februari. Mwezi huo ulikuwa na siku 29, mbili zilizozidi zikahamia Machi. Tafuta kwanza siku ya mwisho ya mwezi: `new Date(2024, 2, 0).getDate()` hutoa 29, maana siku ya 0 ya Machi ndiyo ya mwisho ya Februari. Kati ya 31 na 29, chukua iliyo ndogo. Halafu kila awamu ya malipo ihesabu kutoka tarehe ya mkopo, kamwe si kutoka awamu iliyopita. La sivyo ya Machi itaangukia tarehe 29 na mteja atadaiwa siku mbili kabla ya wakati.